Safu ya Nne

Saa kumi na nusu. Nkuhungu haijakohoa.
Nimelala kifudifudi juu ya benchi la fundi Mbeleje,
napiga mikono hewani, nageuza shingo, navuta pumzi:
ndivyo aogeleavyo mtu wa Dodoma
wiki ambayo bwawa la hoteli limefungwa.
Sechelela ananishikia saa, anacheka:
"Baba, umezama."

Baiskeli inanipeleka kazini Mtumba,
suruali ya ofisi imekunjwa begini,
upepo wa Ugogo, usio na adabu,
unanisukumia vumbi hadi kwenye meno.
Mkuu wa masijala: "Chilewa, unakimbizwa na nani?"
Namjibu kwa majalada. Arobaini kabla ya adhuhuri.

Mbio nazikopa jioni,
kati ya kikao cha wazazi na kununua mkate,
Mlimwa upande mmoja, deni la duka upande wa pili.
Mke wangu hasemi kitu. Anasogeza tu sahani,
ugali wa uwele na mlenda, vimepoa.

Kisha Jumanne, usiku wa manane,
bomba linapiga chafya.
Tunaruka wote! Ndoo, madumu, pipa la bluu,
nyumba nzima miguu peku,
yeye mbele, mimi nyuma,
safari thelathini na moja toka uani hadi jikoni.
Mapaja yanawaka.
Ananitazama, maji yanamchuruzika viwikoni:
"Haya nayo, kwenye daftari lako, unayaandika wapi?"

Nilitafuta safu. Haikuwepo.
Nikachora ya nne, nikaandika jina lake.

Halafu nikazamisha uso pipani,
nikahesabu hadi kumi na tisa,
akanivuta sikio:
"Hayo ni ya kunywa."