Visiwa vya Gwantwa

Ukutani mwa wodi ya wazazi, Matema,
kalenda ya kampuni ya dawa ilikaa miaka kumi na tisa
ikionyesha Agosti ileile:
bahari ya Adriatiki, maji ya bluu ya kufulia,
visiwa vimetawanyika kama viazi vilivyomwagika,
na boti moja nyeupe, mtu mmoja ndani, hana haraka.

Wanawake katikati ya uchungu waliuliza,
Nesi, pale ni wapi?
Dada yangu alijibu, Sukuma kwanza, nitakupeleka.

Alipostaafu hakununua bati wala ng'ombe.
Alinipigia simu Tukuyu: Subilaga, njoo na mchele,
nimekodi boti ya kutwa.
Ya kwenda wapi?
Kwenye visiwa.
Gwantwa, ziwa letu huku halina visiwa.
Akakata simu.

Elfu themanini, mafuta mbali.
Mimi ndiye niliyebishana bei, miguu ndani ya maji,
Ambilikile akicheka, akiipapasa mashine yake ya farasi kumi na tano:
Visiwa hatuna, mama. Mawe tunayo.
Basi tupeleke kwenye mawe, akasema dada,
akapanda wa kwanza, akakaa mbele,
mkoba mapajani kama mtu anayekwenda benki.

Saa mbili, na jua bado liko nyuma ya Livingstone.
Tulitoka kivulini mwa mlima
kama unavyotoka chini ya blanketi.
Maji yalitakata hata nikakiona kivuli cha boti
kikitambaa juu ya mchanga, chini kabisa,
kina vichwa vitatu.

Jiwe la kwanza lilikuwa mali ya minandi,
limepauka kwa vinyesi vyao. Akaliita Chokaa.
La pili lilikuwa na shati limeanikwa, mwenyewe hayupo.
La tatu lilitosha nyayo mbili tu.
Akavua viatu, akashuka, akasimama juu yake
na miaka yake sitini na mmoja,
akatuamuru turudi nyuma, tuzime mashine.
Wimbi likamlowesha pindo la kitenge.
Nilihesabu dakika kumi na mbili.
Nilihesabu na pesa.

Ikombe, mfinyanzi aliinua macho kutoka kwenye udongo:
Mnampeleka nani hospitali?
Hatumpeleki mtu.
Mmefiwa?
Hatujafiwa.
Akajifuta mikono, akatutazama vizuri.
Kwa hiyo mnatembea tu. Majini. Watu wazima.
Akaingia ndani, akatoka na chungu chenye majivu bado.
Shikeni, angalau boti iwe na mzigo.
Pesa akazikataa, kisha akazipokea.

Ndipo tukiwa njiani dada aliponiambia,
bila kunitazama, chungu kimechukua nafasi ya mkoba,
kwamba njia hii ameipita usiku mara thelathini na moja
kwa taa ya kandili, mwanamke analia sakafuni mwa mtumbwi,
na hakuwahi kujua kama kando kuna mawe.
Wawili hawakufika.
Akataja majina yao. Siyaandiki hapa.

Ambilikile alipunguza mwendo bila kuambiwa.

Tulikula wali na mbasa waliopoa, kwa mikono,
mbali na nchi kavu kiasi kwamba mbwa wa Lyulilo
walisikika kama wako kwenye redio ya jirani.
Dada akachota maji kwa chungu, akayamwaga,
akachota tena.

Na lile kule, akauliza, linaitwaje?
Lile si jiwe, mama. Huyo ni kiboko.
Basi mzunguke kwa mbali, tusimsumbue,
akasema, huku akimpungia mkono,

nami nikajikuta nauliza
saa moja ya nyongeza ni shilingi ngapi.