Inakula Upepo

Lilipofika kwangu lilitulia kama mtoto ugenini,
pikapu la Mwalimu Sechelela.
Nikaliwasha: ngurumo moja, nzito,
sailensa imekaa kama chungu juu ya mafiga.
Nikakanyaga, likapanda. Nikaachia, likashuka.
"Hili gari zima," nikasema.
Mwalimu akanitazama vile wanavyotazamwa
watoto walioibia mtihani.

"Mbele ya fundi halijawahi kuumwa," akasema.
"Linasubiri niwe peke yangu, kilimani, kabla ya Mpunguzi,
giza linaingia, ndipo linaanza:
vuuuu-vu, vuuuu-vu,
linapanda bila mguu wangu, linashuka, linashtuka, linapanda tena,
kama mtu anayetaka kulia na anajikataza."

Mafundi watatu walishapita humo.
Wa kwanza alibadili nozeli, zote nne.
Wa pili alipeleka pampu kupimwa;
ikarudi na rangi mpya na bili ya mbuzi sita.
Wa tatu alisema ni jini la barabarani,
ila naye alidai pesa ya filta.

Mimi nilikaza klipu mbili, nikajisifu.
Wiki mbili kimya. Nikajisifu zaidi.
Tarehe kumi na nane akapiga simu:
nililisikia gari kabla sijamsikia yeye.

Akaja na daftari. Mwalimu ni mwalimu:
mistari ya rula, tarehe, saa, mzigo, nani alikuwemo.
Nilisoma nimeinamia boneti, upepo wa Agosti
unanigeuzia kurasa kabla sijamaliza,
mchanga unasagika menoni.
Kumi na saba. Kumi na tisa. Kumi na sita. Ishirini.
Hakuna tarehe mbili. Hakuna ishirini na tisa.

"Mwalimu, samahani, ni swali la ndani.
Mshahara ukiingia, unajaza tangi?"
"Najaza. Mpaka yamwagike."
"Na siku za kungojea mshahara mwingine?"
Akalifunga daftari taratibu.
"Nanunua ya elfu kumi.
Kuna siku ya elfu tano."

Nikamtuma Chidumizi zahanati, akaombe mpira wa dripu.
Nikaufunga kati ya tangi na filta, mahali jicho linafika.
Mshale juu ya nusu: dizeli ikapita humo, ya njano, kimya.
Tukanyonya lita ishirini
(Chidumizi alitema mate mpaka jioni)
tukawasha tena.
Hamna kitu.
Hamna.
Kisha kipovu kimoja, kidogo kama yai la chawa,
kikafuatwa na mwenzake, halafu ukoo mzima,
na injini juu yao ikaanza: vuuuu-vu.
Sijawahi kufurahia gari bovu kiasi kile.
"Linakula upepo," nikamwambia.
"Upepo huu?" akauliza, mtandio umempiga usoni.

Tangi tuliliteremsha.
Bomba la kunyonyea, lililosimama ndani yake
kama mrija kibuyuni,
lilikuwa na ufa katikati ya urefu wake,
unywele wa kichanga.
Dizeli ikiwa juu ya ufa, bomba linakunywa dizeli.
Ikishuka chini yake, linakunywa na hewa,
na kilima kinaongeza chake.
Pampu haikuwa na kosa. Nozeli hazikuwa na kosa.
Hata jini.

Kuchomelea, elfu kumi na tano.
Mwalimu alihesabu noti mara mbili,
kisha akauliza nozeli zake za zamani zilikwenda wapi.
Nikainama kutafuta spana ambayo sikuipoteza.
Duka zilikouzwa nalijua.

Tarehe kumi na tisa, jioni, nilizima redio ya Chidumizi
nikasimama kando ya barabara ya Iringa.
Lilipita na madawati mawili nyuma, taa moja imekufa,
yeye hakuniona.
Nililisikiliza mpaka likaishia mlimani.
Ngurumo moja.
Kisha upepo tu, na safari hii
hakuna aliyeula.