Kufumua Jina

Mimi ni wa mwisho kuambiwa na wa kwanza kufumua.
Chini ya uwanja wa Toledo, mlango wa tatu kupita mashine za barafu:
hapo majina huja kushonwa,
na hapo, mwezi wa saba, hurudi.

Juu wana chati. Wana kijana wa hesabu, Whitlock,
anayekula tofaa pamoja na mbegu zake
na kutamka "mali", "nafasi", "uzito wa mshahara"
kama muuza unga.
Mimi nina mkasi, wembe mdogo
na kopo la biskuti lenye herufi za waliokwenda.

Tarehe kumi, ikigonga saa kumi na moja jioni,
milioni tisa za Lavell Prudhomme zingekuwa zake,
acheze asicheze,
goti lipone lisipone.
Saa kumi na dakika arobaini simu yangu ikalia:
"Bernadette. Kumi na nne."
Hawataji jina. Wanataja namba,
kama watu wa hoteli.

Wamembadilisha na Mlithuania mmoja mrefu
na chaguo la duru ya pili la mwaka wa thelathini na tatu,
yaani na mtoto fulani aliye darasa la sita,
ambaye leo hajui kama atarefuka.
Omaha wakampokea.
Saa kumi na dakika hamsini Omaha wakamwacha.
Alikuwa wa Omaha kwa dakika kumi.
Hajawahi kufika Omaha.

Chema chajiuza, husema watu.
Hakuna asemaye kinalala wapi kikishauzwa.

Akashuka kwa ngazi, si kwa lifti,
akilibembeleza lile goti.
Nikadhani amefuata viatu.
Akaomba wembe.

Akaketi kwenye kigoda changu, magoti yakamfika masikioni,
akaitandaza jezi mapajani, mgongo juu,
akaanza na E.
Mikono iliyochuma mipira juu ya vichwa vya wanaume
haikuweza kukamata uzi.
Nikamwambia: usivute.
Kata kila mshono wa tatu, kisha geuza upande wa pili,
uzi utatoka wenyewe.
"Mama alinifunza vifungo tu," akasema.

M. Halafu M nyingine. O.
Alipojichoma kidole alikinyonya na kuendelea.
Kwenye H akauliza, bila kuinua macho:
"Na mkataba wako?"
Nikacheka. Mwezi wa tisa.
Kuna mashine huko Dayton inayobandika jina kwa moto
kwa sekunde kumi na mbili,
na Whitlock hajanitazama usoni tangu Juni.
"Wana tarehe ya mwisho ya kukuambia?"
"Mimi sina tarehe, Lavell. Nina zamu."

Akafumua D, akafumua U, akafumua R.
P akaiacha.
"Hii maliza wewe," akasema,
akanirudishia wembe kwa upande wa mpini,
kama alivyofundishwa kwao.
Akaondoka. Viatu hakuvichukua.

Barkauskas ni herufi kumi.
A zilikuwamo tatu koponi, K nilikata mpya.
R na U nilichukua pale pale mezani,
zingali na joto la vidole vyake,
nikazipachika kwenye bega la mtu nisiyemjua,
ambaye pengine usiku huu yuko jikoni kwao, ng'ambo ya bahari,
akimwonyesha mkewe Toledo kwenye ramani.

Jezi ni ile ile. Kumi na nne ni ile ile.
Ukiinyanyua mbele ya taa, chini ya jina jipya
kuna vitobo, safu baada ya safu,
na mwenye macho ya kazi hii huvisoma.
Vitatu vinne hivi havifutiki kwa pasi. Nimejaribu.

Nyumbani, nikivua viatu,
nikaikuta E imenata kwenye soli ya kushoto.
Imepanda basi nami, imesimama foleni dukani,
imenisindikiza kununua maziwa.