Nne kwa Kumi

Timu saba kwa miaka kumi na mmoja:
ya sukari, ya posta, ya magereza,
ya kiwanda kilichofunga lango
na mshahara wangu wa miezi mitatu ukiwa ndani.
Beki wa kushoto. Jezi sikuchagua,
nilivaa iliyobaki kwenye gunia.

Leo nina kalamu, na kiti
chini ya mabati ya Afraha,
vumbi la Menengai likitua daftarini.
Mhariri anataka mistari ishirini kabla ya magharibi
na alama za kila mchezaji.

Dakika ya themanini na nane
kijana namba tatu akateleza.
Mpira ukampita
kama mdeni anavyolipita duka.
Bao. Jukwaa zima likamtukania mama.

Nami goti likaniuma, lile la Webuye.

Gazetini niliwahi kutajwa mara moja tu:
“Shisama, nne kwa kumi.”
Shitsama mimi; herufi yangu moja waliila.
Mama alikikata kile kipande kwa kisu cha mboga,
akakibandika ukutani kando ya kalenda.
Hakujua nne ni kidogo.

Basi nikashuka ngazi.
Alikuwa peke yake, akifungua kamba za viatu
vya kuazima, vilivyomzidi namba nzima.
Nikampa maji.
Sikumuuliza aliteleza vipi; hilo nalijua.
Nikamuuliza: jina lako linaandikwaje?

Akalitaja herufi kwa herufi.
Nikaandika,
kisha nikampa daftari alikague.