Sahibu

Kibanda changu cha kioo kiko nyuma ya ukumbi,
kipana kama kabati la vyombo la mama.
Nina hedifoni, chupa ya maji, kalamu tatu,
na lugha mbili zinazogombea ulimi mmoja.

Maskati, Agosti. Nje lami inanata viatuni,
ndani kiyoyozi kimewavisha wajumbe makoti.
Kikao cha kumi na moja: mkongo wa baharini
kutoka Barka hadi Tanga,
na nyumba ya seva itakayojengwa. Wapi?
Hapo ndipo tuliponasa tangu Jumapili.

Ghorofa ya saba wamelala walioleta mitambo ya bei nafuu.
Ghorofa ya tisa wamelala walioleta onyo.
Wakikutana kwenye lifti hutazama namba.
Ni Biju tu, mwenye birika la kahawa,
anayeingia vyumba vyote,
na hakuna aliyekumbuka kumwapisha.

Mimi nasikia kila kitu mara mbili,
kwanza kwa sikio, kisha kwa mdomo wangu.
Nasema "mawingu", na mbingu ya Oman haina hata moja.
Nasema "usalama", mara arubaini na sita kabla ya adhuhuri,
mpaka neno limeisha ladha
kama ubani uliotafunwa tangu alfajiri.

Kisha kifungu cha tisa.
Daktari Yakudhani anasoma polepole, kwa Kiarabu kilichonyooka:
ufunguo atashika *sahibu* wa data.

Nusu nukta. Mkalimani hana zaidi ya hiyo.
Kwa Kiarabu, sahibu ni rafiki, na ni mwenye mali pia.
Kwa Kiswahili alibaki rafiki peke yake,
mali tuliiacha njiani, sijui bandari gani.
Nikiliachia neno lipite lilivyo,
Mwanamkasi Shekue, mhandisi wa Tanga,
atasikia urafiki, na kalamu yake imeshafunguliwa.

Nikabonyeza kitufe. "Mkalimani anaomba radhi," nikasema,
nikawaeleza.

Kimya. Wa ghorofa ya saba akamtazama wa ghorofa ya tisa,
kwa mara ya kwanza bila namba za lifti kati yao.
Mwanamkasi akacheka, kicheko kifupi, cha mtu
aliyeuona mguu wake ukingoni mwa shimo.
"Haya," akasema, "sasa tuandike yupi?"

Hakuna aliyejibu. Wakaenda kula.

Mimi nikabaki na karatasi yangu.
Mama amerithi nusu saa ya maji kule Birkat al-Mawz,
nusu saa kila siku ya nane, katika mfereji wa mawe
uliochimbwa na watu tusiowajua majina.
Nikaandika pembeni mwa kifungu cha tisa:

Falaji yetu ya mji, ina wengi wenye haki,
kila shamba lina maji, na zamu haiporeki,
hapendeli mpimaji, kivuli hakihongeki,
wa juu si mfungaji, wa chini hafi kwa dhiki.

Nikaikata kwa mstari mmoja.
Bahari si falaji. Kule chini hakuna jua,
na pasipo jua, kivuli cha kupimia utakitoa wapi?

Saa tano usiku rasimu ikarudi.
Neno limefutwa. Mahali pake wameweka nukta sita,
na pembeni, kwa penseli: Alhamisi.
Biju alikuwa anakusanya vikombe.
"Wamekubaliana?" akaniuliza.
"Wamekubaliana kuhusu nukta," nikamwambia.

Kwenye gari simu ikaita. Mama,
yuko Unguja kwa dada yake, kwenye harusi isiyokwisha.
"Sahibu yangu," akasema, "umekula?"
Sauti yake ilichelewa kidogo kunifikia,
ikipita gizani, chini ya maji,
ndani ya mkongo wa sijui nani.