Nafasi Kati ya B na U

Mwalimu Achola alitupa kazi Jumatatu:
bango moja, maneno matatu, rangi mbili,
"na ilhamu mtajua wenyewe mtakakoitoa,"
kana kwamba ilhamu ni unga, mtu anapimiwa dukani.

Bando langu likaisha video ikiwa dakika ya nne,
kijana wa ng'ambo kidole juu, mdomo wazi,
karibu anitajie siri ya mizani ya ukurasa.
Akaganda hivyo hivyo kwenye kioo
mpaka betri nayo ikamsitiri.

Nikatoka. Ngara, nyuma ya maduka ya nguo,
mwanamke juu ya ngazi ya mbao, penseli sikioni,
anaandika BUCHA kwenye ukuta mweupe.
Ana uzi uliopakwa chaki: anauvuta, anauachia, pa!
mstari umenyooka kuliko rula yangu ya chuo.
B na U tayari zimekauka,
na kati ya hizo mbili pana nafasi kubwa,
kubwa kupita desturi, kama mtu aliyesita katikati ya neno
ili asikilizwe.

"Unaniziba mwanga," akasema.
Nikasogea. Nikauliza anapimaje.
"Sipimi. Natazama. Herufi zikibanana
mteja ataona nyama imeoza."
Jina lake Mwongeli. Langu hakuuliza.

Tangu siku ile macho yangu yakakosa adabu.
Naokota. Nabandua. Naomba hata kilichokwisha kutupwa:
karatasi ya sabuni, kiberiti kilichokanyagwa,
tarakimu za mita ya maji pale kwetu Huruma
(ile saba yenye kiuno!),
kalenda ya dawa ya kupe, ya mwaka ambao sikuwa nimezaliwa,
bluu yake sijaikuta kwenye kompyuta yoyote.
Kando ya barabara ya Tom Mboya nikanunua kitabu cha herufi,
hakina jalada, kimeandikwa Kijerumani, shilingi themanini.
"Na utakisoma?" muuzaji akacheka.
Nitakitazama, nikamjibu.

Halafu jirani yetu Bi Kageha akafiwa na kaka.
"Wewe si unasomea mambo ya picha? Tutengenezee programu."
Kamati ikataka malaika, mawingu, waridi,
jina kwa dhahabu na Zaburi nzima chini yake.
Picha ilikuwa moja tu, ya kitambulisho:
Zablon Musalia, masikio yametokeza, hacheki.
Tulikesha, yeye na mimi na taa ya simu.
Nikatoa malaika.
Nikatoa mawingu.
Jina nikaliweka chini, kushoto, jeusi,
na juu yake nikaacha weupe.

River Road, kwa mpiga chapa, Njagi akaniuliza mara mbili:
"Hapa juu hujasahau kitu? Bei ni ile ile."
Mashine ikanguruma. Nikasimama pale kama mwizi
anayesubiri kuitwa jina.

Bi Kageha akapitisha kidole gumba kwenye ule weupe,
polepole, hadi ukingoni.
"Alikuwa mtu wa maneno machache," akasema,
akaniongeza chai.

Bango la Achola nikapata kumi na nne kwa ishirini.
Pembeni, kwa wino mwekundu: Bluu hii umeitoa wapi?
Nimwambie kupe?

Wiki jana nikarudi Ngara kumshukuru Mwongeli.
Nikamfungulia daftari: ile nafasi nimeichora,
nimeipima kwa milimita, nimeizungushia duara.
Akaitazama kitambo. Akacheka hadi ngazi ikalia.
"Hiyo? Kulikuwa na msumari pale, nikaukwepa."

Nikavuka kwenda kuangalia.
Kweli: msumari, umepakwa rangi pamoja na ukuta,
kichwa chake hakizidi punje ya mtama.
Nikatoa penseli,
nikauchora nao.