Sauti ya Tano

Kibandani Gungu, kiingilio mia tatu,
Sudhakaran anafufuka mara ya nne mwezi huu.
Alianza na Kimalayalam, mlevi wa kijiji;
Kitamil kikampa bunduki na kofia ya polisi,
Kitelugu farasi. Kihindi kilimkuta na mvi,
wakazipaka wanja.

Hapa anasema kwa koo la Ruhwanya,
fundi baiskeli,
maiki yake imefungwa kwa mpira wa tairi.
"Mwakeye, mama," steringi anamwamkia malkia,
ukumbi unapasuka.
Akilia, hulia kwa lafudhi ya Kasulu.

Jana umeme ulikatika
amepiga magoti kando ya kitanda cha baba.
Ruhwanya hakunyamaza. Gizani, bila maiki,
akaomba msamaha kwa kuchelewa garimoshi,
kwa barua aliyoikalia,
na sisi tuliojua nani alizikwa Mwandiga
mwanawe hayupo
tukatafuta ndala zetu kwa vidole.

Umeme uliporudi filamu ilianza upya:
baba mzima, anakama ng'ombe.
Ruhwanya akaweka maiki chini,
akamwacha Sudhakaran aseme mwenyewe,
Kitamil kitupu, hadi mwisho.

Hakuna aliyedai hela yake.